Ukifuta Majina, Kompyuta Ihesabu

Wandugu, leo siandiki juu ya mpira wala juu ya nani ameitwa mahojiano ya nchi ya tatu. Naandika juu ya kitendo kidogo kinachofanyika kila wiki kwenye kompyuta za makambi yetu na hakuna mtu anakipigia kelele: kufuta. Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa, kwa ajili ya yule ambaye bando yake inakaribia kuisha. Orodha yoyote inayoamua nani apate sabuni, nani apate kiti darasani, nani apate pesa ya chakula, isimruhusu mtu kufuta majina bila kompyuta yenyewe kuhesabu ni mangapi yamefutwa, na kuiandika hesabu hiyo mahali ambapo aliyefuta hawezi kuigusa.

Najua kuna mwenye ameshasema, "Aa, hayo ni mambo ya watu wa IT." Kwani nani anaingiza majina kwenye hizo orodha? Si sisi? Vijana wa kujitolea, vesti mgongoni, posho ndogo mwisho wa mwezi, tunakaa kwenye meza ya mbao chini ya turubai tunachapa majina mpaka vidole vinauma. Na wewe mfanyakazi wa shirika unayesoma hapa, wewe ndiye unapewa faili na kuambiwa "lisafishe kabla ya kesho". Kwa hiyo hii ni ya kwetu sote. Mimi mwenyewe sikufika chuo. Nilimaliza sekondari, mengine nimejifunza kwenye chumba cha kompyuta cha vijana, siku ambazo sola inakubali.

Angalieni jinsi jina linavyoingia kwenye orodha. Kuna foleni. Kuna mtu amesimama pale na watoto, kuna karatasi ya familia, kuna kidole kinawekwa kwenye mashine, kuna picha, kuna karani anauliza mara tatu jina la babu linaandikwaje. Kuingia ni kazi ya mchana kutwa na mashahidi ni wengi. Sasa angalieni jinsi jina linavyotoka. Mtu mmoja ofisini, saa kumi jioni, anabonyeza. Basi. Mwenye jina hayupo. Anakuja kujua wiki tatu baadaye, siku ya mgao, akiwa wa themanini kwenye mstari na jua kichwani.

Mwaka juzi, kwenye makazi tunayoishi hapa Uganda, shirika moja lilikuwa linagawa sabuni na taulo za kike. Orodha ilikuwa kwenye laptopu. Akina mama wakaanza kuambiwa mmoja mmoja, "Mama, jina lako halipo." Ukiambiwa hivyo unapelekwa pembeni, unaandikiwa kesi yako kwenye karatasi, unaambiwa rudi kwa mwenyekiti wa kijiji. Saa sita mchana walikuwa akina mama kumi na saba wamekaa chini ya mti. Walikuwa wanaulizana tu, kama watu wanavyoulizana wakisubiri: wewe unaitwa nani, umetoka wapi, karatasi yako inasemaje. Mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kivu akaomba karatasi za wote aziangalie. Akakuta kitu. Karibu wote wameandikwa kuzaliwa tarehe 01/01. Na majina yao ni yale ambayo sisi Wakongo tunapeana kila siku: Neema, Furaha, Riziki, Bahati.

Mnaelewa kilichotokea, si ndiyo? Mtu alikuwa anaondoa walioandikwa mara mbili. Akaiambia kompyuta: mahali jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa vinafanana, bakisha mmoja, wengine futa. Kwenye nchi ambayo kila mtu ana cheti cha kuzaliwa, hiyo amri pengine haina shida kubwa. Kwetu ni panga. Mama anajua mtoto wake alizaliwa wakati wa mavuno ya maharage, mwaka ule vita vilipofika kijijini. Karani anataka siku na mwezi. Mama hana. Karani anaandika tarehe moja Januari, kisha anaita anayefuata. Ukisoma karatasi zetu utadhani Wakongo tumepangiwa siku moja ya kuzaliwa, kama vile gari la mgao.

Yule kijana aliyekuwa na laptopu siku hiyo hakuwa mtu mbaya. Hakujua kweli. Faili alilipokea hivyo. Lakini kilichoniuma ni kwamba hakuna mtu, kuanzia yeye mpaka mkubwa wake aliyekuja na gari alasiri, aliweza kujibu swali moja: ni wangapi? Ni hawa kumi na saba tu, au kuna mia saba kwenye vijiji ambavyo zamu yao haijafika? Kwa kuwa hesabu haikuwepo, kila mama akawa kesi yake peke yake. Kesi kumi na saba, fomu kumi na saba, majibu kumi na saba ya "tutafuatilia". Wengine walipata baada ya miezi miwili. Wengine mpaka vifaa vikaisha. Kama kwenye karatasi ingeandikwa tu kwamba siku fulani, kwa amri moja, majina mia mbili yaliondoka, mkubwa yule angeelewa dakika ileile kwamba ana tatizo la amri moja na si la mama mmoja mmoja.

Na hapa ndipo hasira yangu iko: kompyuta ilikuwa inaijua hiyo namba. Databesi yoyote, ukiiambia ifute, inajua imefuta mistari mingapi. Ukitumia PostgreSQL na ukaandika amri kwa mkono, inakujibu hapo hapo, kwa mfano `DELETE 214`. Namba iko. Lakini wengi wetu hatuandiki amri kwa mkono. Tunabonyeza kitufe kwenye programu ambayo mtu wa mbali aliitengeneza, na hiyo programu inakuambia "Imefanikiwa" na rangi ya kijani. Imefanikiwa nini? Kufuta mmoja au kufuta kijiji? Namba ilifika mpaka mlangoni ikaachwa nje.

Dawa inaitwa triga. Neno lenyewe silipendi, sisi tuliokimbia risasi hatuna hamu na triga, lakini ndilo wanalotumia. Kiswahili chake ni kifyatuo. Ni kipande kidogo cha maagizo kinachokaa ndani ya databesi yenyewe, kimefungwa kwenye jedwali moja, kinasubiri. Mtu akigusa jedwali hilo kwa njia iliyotajwa, kwa mfano akifuta, kinafyatuka chenyewe. Haijalishi umefuta kwa kitufe, kwa simu, kwa amri ya mkono, au wewe ni bosi. Ndiyo maana naipenda kuliko tangazo la ukutani linalosema "Tafadhali hesabu kabla ya kufuta". Tangazo linasomwa na wale ambao tayari ni waangalifu.

Sasa kuna mahali vijana wengi wanakwama. Triga ziko aina mbili. Fikiria siku ya mgao kuna askari wawili. Wa kwanza yuko getini, kila mtu akipita anasema "mmoja". Akipita mwingine anasema tena "mmoja". Ukimuuliza saa tisa wamepita wangapi, anakujibu "mmoja", kwa sababu yeye anamwona aliye mbele yake tu. Hiyo ndiyo triga ya kila mstari. Ukifuta majina 214 inafyatuka mara 214, na kila mara inaona jina moja. Askari wa pili anakaa ndani na daftari, anangoja wote wapite, ndipo anafunga ukurasa na kuandika jumla. Hiyo ni triga ya amri nzima. Inafyatuka mara moja tu hata kama umefuta elfu. Hata ukifuta sifuri inafyatuka, na sifuri nayo ni habari: ina maana mtu alijaribu kumwondoa mtu ambaye hayupo.

Tunayemtaka ni huyo wa pili. Lakini yeye naye anahitaji kuonyeshwa waliopita, la sivyo daftari lake ni tupu. PostgreSQL tangu toleo la 10, lililotoka 2017, inakubali umpe triga jedwali la muda lenye mistari yote iliyofutwa na amri hiyo. Unalipa jina unalotaka, kisha unahesabu ndani yake. SQL Server ina kitu kama hicho, kinaitwa `deleted`, kipo chenyewe ndani ya kila triga ya kufuta. Kuna watu kwenye SQL Server wanatumia `@@ROWCOUNT`, ambayo ndiyo idadi ya mistari ya amri ya mwisho. Inafanya kazi, ila lazima uisome kwenye mstari wa kwanza kabisa wa triga. Hata amri ndogo ya `SET` ikitangulia inairudisha kuwa sifuri, na wewe unabaki unaandika kwenye daftari kwamba hakuna aliyefutwa wakati kijiji kizima kimeondoka. Mtego kama huo uko PostgreSQL pia: `GET DIAGNOSTICS` ndani ya triga inakupa hesabu ya amri ya mwisho uliyoitoa wewe ndani ya triga hiyo, siyo ya ile DELETE iliyoifyatua. Hesabu jedwali la waliofutwa. Ni rahisi na haidanganyi.

Nimeandika hapa kwa PostgreSQL, toleo la 11 na kuendelea, kwa sababu ni ya bure na ndiyo tuliyonayo kwenye chumba chetu:

```
CREATE FUNCTION hesabu_waliofutwa() RETURNS trigger
LANGUAGE plpgsql SECURITY DEFINER AS $$
DECLARE
  n bigint;
BEGIN
  SELECT count(*) INTO n FROM waliofutwa;
  INSERT INTO daftari (lini, nani, idadi)
  VALUES (now(), session_user, n);
  IF n > 5 THEN
    RAISE EXCEPTION 'Ulitaka kufuta % kwa mara moja. Imekataliwa.', n;
  END IF;
  RETURN NULL;
END $$;

CREATE TRIGGER linda_orodha
AFTER DELETE ON watu
REFERENCING OLD TABLE AS waliofutwa
FOR EACH STATEMENT
EXECUTE FUNCTION hesabu_waliofutwa();
```

Usiogope. Soma polepole kama barua. Inahesabu waliofutwa, inaandika kwenye daftari lini, nani na wangapi, na kama wamezidi watano inakataa na kurudisha kila jina mahali pake, kana kwamba hakuna kilichoguswa. Yale maneno `SECURITY DEFINER` yanafanya triga iandike kwenye daftari kwa mamlaka ya aliyeitengeneza, ili mfutaji asihitaji ruhusa yoyote kwenye daftari: hawezi kuongeza, hawezi kupunguza. Na kwa sababu hiyohiyo nimeandika `session_user` badala ya `current_user`. Ukiweka `current_user` hapo, daftari litamtaja aliyetengeneza triga kila mara, hata kama siku hiyo alikuwa Mbarara amelala.

Kuna jambo moja humo ambalo rafiki yangu wa chumba cha kompyuta aliligundua akachekelea nusu saa. Triga ikikataa, kila kitu cha amri hiyo kinarudi nyuma, na maandishi ya daftari nayo yanarudi nyuma. Kwa hiyo jaribio kubwa lililozuiwa halionekani kwenye daftari! Wezi wadogo wanaandikwa, mwizi mkubwa aliyekamatwa getini hana rekodi. Lakini ujumbe wenyewe wa kukataa, kwa mpangilio wa kawaida, unabaki kwenye faili la kumbukumbu la sava, pamoja na amri yenyewe. Kwa hiyo anayesimamia sava asome faili hilo kila Ijumaa. Lisipokuwa na msomaji ni sawa na lisingekuwepo.

Wenye MySQL, pole. MySQL haina triga ya amri nzima, ina yule askari wa getini tu. Hapo unamfanya aandike mstari mmoja kwenye daftari kwa kila anayepita, pamoja na muda na akaunti, kisha jioni unajumlisha. SQLite, ile iliyo ndani ya simu zetu karibu zote za Android, ni hivyo hivyo. Na kama orodha yenu iko Excel, ambako ndiko orodha nyingi za makambi ziko, tusidanganyane: kinga ni daftari la karatasi na nakala ya faili ya jana.

Triga yenyewe ina matundu, na nayasema kwa sababu sitaki mtu aiweke halafu alale usingizi. Amri ya `TRUNCATE` inamwaga jedwali lote na haifyatui triga ya kufuta. Kwenye PostgreSQL unaweza kuweka triga yake peke yake, lakini hiyo haipewi orodha ya waliofutwa. Sisi tumeondoa ruhusa hiyo kwa kila mtu, basi. Halafu kuna kufuta kwa mnyororo: ukifuta familia, mistari ya watoto inaondoka yenyewe kwenye jedwali lingine. Umefuta mstari mmoja, daftari linasema mmoja, kumbe watu tisa wameondoka. Kwa hiyo jedwali la watoto nalo liwe na triga yake. Kwenye MySQL, kwa miaka mingi, kufuta kwa mnyororo hakufyatui triga kabisa, kwa hiyo huko ni bora mnyororo wenyewe usiwepo. Na mwenye ufunguo mkuu anaweza kuizima triga, kufuta, kisha kuiwasha. Ndiyo. Mwenye ufunguo wa ghala pia anaweza kufungua ghala usiku. Ndiyo sababu ghala halina mtu mmoja.

Ila tundu kubwa kuliko yote si la kompyuta. Ni ofisi ambayo watu wanane wanatumia akaunti moja, na neno la siri limebandikwa kwenye skrini kwa gundi. Triga itaandika kwa uaminifu wote: nani? "admin". Nani admin? Sote. Siku ikiharibika, admin huwa ni kijana wa kujitolea ambaye mkataba wake umeisha mwezi uliopita. Hata bila upendo kwa databesi, vijana, dai akaunti yako mwenyewe kwa ajili ya hiyo tu. Inakulinda wewe.

Sasa kuna wanaosema dawa ni kutofuta kabisa. Weka alama tu, "ameondoka", jina libaki. Nusu nakubaliana nao. Kwa orodha ya mgao ni njia nzuri, ingawa kubadilisha alama nako kunahitaji triga, maana mtu anaweza kuwawekea "ameondoka" watu mia kwa amri moja. Lakini kusema tusifute kamwe, hapo nakataa. Jirani zetu Kenya wametuonyesha. Wakati wa ukame kaskazini mashariki, Wakenya, wengi wao Wasomali wa Kenya, waliingia kwenye orodha za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto, waliandikishwa na wazazi. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha nchi yao, alama za vidole zikajibu: huyu ni mkimbizi. Bila kitambulisho hupati kazi, hupati akaunti ya benki, safari ni shida. Wamepigania miaka mingi jina lao litoke. Kwa mtu wa namna hiyo kufutwa ndiyo haki yenyewe. Hapa Uganda pia sheria ya 2019 ya kulinda data na faragha inampa mtu nafasi ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi au zilizopitwa na wakati zirekebishwe au zifutwe.

Ndiyo maana napenda hesabu kuliko nakala. Wafanyakazi wengi wa mashirika, ukiwaambia kumbukumbu ya waliofutwa, wanashtuka, na wana haki. Ukitunza majina ya waliofutwa umewafuta kweli? Dada aliyemkimbia mume na kuomba jina lake litolewe kwenye orodha ya kijiji hataki lihamishiwe kwenye orodha nyingine inayoitwa "waliotolewa". Lakini namba haina uso. Ukiandika kwamba tarehe fulani saa kumi, akaunti fulani ilifuta 3, hujamtaja mtu. Hakuna mwanaume atakayesoma "3" akajua mke wake yuko wapi. Na bado "3" inatosha kumuuliza mfutaji: hawa watatu ni kwa sababu gani, na "214" inatosha kumwamsha mkubwa usiku.

Wengine wataniambia ninakuza jambo dogo. Mwanzoni mwa 2018 hapa Uganda kulitoka tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi ilikuwa imepandishwa. Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR wakaendesha uhakiki wa alama za vidole nchi nzima, kuanzia Machi mpaka Oktoba. Kabla yake vitabu vilikuwa vinasema kama watu milioni 1.4. Baada yake, kama milioni 1.1. Watu wengi wanakumbuka tu zile namba mbili na kelele za wizi. Mimi swali langu ni la katikati: kati ya wale kama laki tatu, wangapi waliandikwa mara mbili, wangapi walirudi nyumbani, wangapi walifariki, wangapi hawakufika siku ya kidole kwa sababu walikuwa wagonjwa au kazini mbali? Kila mmoja wa hao ni kufutwa kwa aina yake. Jumla mbili, ya mwanzo na ya mwisho, haziwezi kukueleza. Kinachoweza kueleza ni daftari la kila siku, linaloandikwa lenyewe, kwa idadi na sababu. Orodha ambayo inahesabu wanaoingia tu, siku moja lazima ifanyiwe uhakiki mkubwa wa kutisha, na kwenye uhakiki mkubwa wanaoumia ni wenye karatasi zenye makosa, yaani sisi wa tarehe moja Januari.

Ninachoomba ni kidogo. Mashirika yenye orodha za mgao yaweke triga, na mwisho wa mwezi, kwenye ubao uleule wa matangazo ambapo mnabandika ratiba, mbandike mistari miwili: mwezi huu wameongezwa wangapi, wametolewa wangapi. Bila majina. Mwenyekiti wa kijiji akiona wametolewa 200 na yeye anajua waliohama ni familia nne, atagonga mlango kabla ya siku ya mgao. Sisi vijana tumeanza na orodha yetu wenyewe ya darasa la kompyuta, maana huwezi kumdai jirani afagie na uani kwako kumejaa takataka. Karatasi iko mlangoni. Mwezi uliopita inasema wametolewa 2, na kila mtu darasani anajua ni akina nani na walienda wapi.

Tulichobishana mpaka leo ni kile kikomo. Kwenye yale maandishi nimeweka 5, lakini 5 ni namba ya mtu asiyejua familia zetu. Familia ya watu tisa ikipanda ndege kwenda nchi ya tatu, karani anawaondoa kihalali kabisa, kompyuta inamkatalia, naye anaanza kufuta mmoja mmoja ili apite. Akishazoea kufuta mmoja mmoja, kikomo kimekufa, kwa sababu kila amri inahesabika 1 na mtu anaweza kuwatoa watu mia kabla ya chakula cha mchana. Rafiki yangu anasema kikomo kiwe 15 na triga ijumlishe pia yote ambayo akaunti hiyo imefuta siku hiyo. Dada anayeongoza kundi letu anasema kisiwe namba kabisa: zaidi ya familia moja, lazima akaunti ya pili ikubali. Mimi naelekea kwa dada, ingawa siku ambazo mtandao haupo hiyo akaunti ya pili tutaipata wapi? Wenzetu wa Kakuma, Nyarugusu, Kyangwali, mnaoshika orodha huko, ninyi mnaweka ngapi?